Maendelezo ya Kiingereza na Masaibu ya Warekebishaji Wake: Mawazo Kutoka Masasi na Newala

Mifuko ya salfa ndiyo iliyotuchochea kuandika makala haya. Tulikuwa Newala, katika semina ya siku tatu ya walimu na wafasiri wa nyaraka za kilimo, na wakati wa mapumziko tulisimama na wenzetu mbele ya ghala moja lililo jirani na soko. Mfuko mmoja uliandikwa kwa herufi kubwa "sulphur". Mwingine uliokuwa ubavuni mwake uliandikwa "sulfur". Na juu ya mlango mwenye ghala alikuwa ameandika kwa chaki, kwa mkono wake mwenyewe, "salfa ipo". Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, aliyekwisha zoea kusahihisha kila akionacho, alituuliza ni ipi kati ya hizo tatu iliyo sahihi. Tukamjibu, kwa haraka ya ofisa wa istilahi, kwamba ni ile ya tatu. Akacheka, akasema: "Basi, Ndugu, aliyewashinda Wazungu wote ni mwenye chaki."

Jibu letu lilikuwa la haraka kuliko lilivyokuwa la busara. Mwenye chaki ameshinda kweli, lakini sababu za ushindi wake si zile ambazo sisi wenye kazi ya maneno tumezoea kujisifia.

Kwa wasomaji ambao hawajafika huko, na tueleze kwanza kwamba katika wilaya za Masasi, Newala na Tandahimba salfa si neno la maabara. Tangu miaka ya 1980 vumbi lake limekuwa kinga kubwa ya mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaoshambulia machipukizi na maua na kuyakausha kabla hayajatunga korosho. Watafiti wa kituo cha Naliendele, karibu na Mtwara, wamelishughulikia jambo hili kwa miaka mingi. Mkulima anayepulizia mapema mno hupoteza fedha, na anayechelewa hupoteza maua. Kwa hiyo neno lililoandikwa juu ya mfuko, pamoja na maelekezo yanayolifuata, linahusu ada ya mtoto na bati la nyumba.

Sasa tazama walivyohangaika wenye lugha yao. Waingereza waliandika neno hilo kwa "ph" kana kwamba ni la Kigiriki, na si la Kigiriki. Ni la Kilatini, na hiyo "ph" ni pambo waliloliona likipendeza. Wamarekani wakaandika "f". Wakemia wa pande mbili za bahari waliendelea kutofautiana hadi mwaka 1990, ambapo umoja wao wa kimataifa uliamua kwamba jina la elementi hiyo liandikwe kwa "f". Chama cha kifalme cha wakemia wa Uingereza kikakubali mwaka 1992. Ilihitajika mikutano ya wataalamu wa dunia nzima ili herufi mbili ziwe moja. Mkulima wa Kitangari hakungoja mikutano hiyo.

Ndipo tukaikumbuka historia ndefu ya watu waliojaribu kuyanyoosha maendelezo ya Kiingereza. Ni historia inayochekesha sana, na tumeona si vibaya wasomaji wetu wakaicheka pamoja nasi, mradi wakumbuke kwamba waliochekwa walikuwa, kwa namna fulani, wafanyakazi wenzetu. Nao walikuwa na orodha, vikao, na waraka wa serikali. Nao walilalamikiwa na magazeti.

Ugonjwa wenyewe hauna haja ya kuthibitishwa kwa mwalimu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya darasa la Kiingereza. Herufi nne, "ough", husomwa kwa njia moja katika "though", kwa nyingine katika "through", kwa ya tatu katika "cough", na kwa ya nne katika "bough". Wako waliotania kwamba neno la Kiingereza lenye maana ya samaki lingeweza kuandikwa "ghoti": "gh" kama ilivyo katika "enough", "o" kama ilivyo katika "women", na "ti" kama ilivyo katika "nation". Mzaha huu hubandikwa jina la George Bernard Shaw kila unaporudiwa. Lakini umepatikana katika barua ya mwaka 1855, na Shaw alizaliwa mwaka 1856. Hata vichekesho kuhusu maendelezo, basi, havikuandikwa jina la mwenyewe kwa usahihi.

Inafaa kuongeza kwamba sehemu ya ugonjwa huo ililetwa na waganga. Neno la Kiingereza lenye maana ya deni liliandikwa zamani bila "b", jinsi lilivyotamkwa. Karne ya 16 wasomi walioionea fahari asili ya Kilatini waliitia "b" ndani yake ili kila mdaiwa akumbuke kwamba neno lake limetoka Roma. Hakuna aliyeitamka siku ile, wala hakuna anayeitamka leo, na kila mtoto wa shule anayejifunza lugha hiyo, Masasi au Manchester, hulipa riba ya deni hilo. Tuliweke jambo hili akilini, kwa maana tutalirudia tutakapofika nyumbani kwetu.

Benjamin Franklin, mwaka 1768, alipendekeza kuziondoa herufi sita, yaani c, j, q, w, x na y, na kuleta sita mpya za kubuni kwake mwenyewe. Tukiufikiria mpango huo kwa Kiswahili twaona tungebaki hatuna "wewe" wala "yeye", na jamaa wote wangetutoka. Masasi ingesalimika bila jeraha. Newala ingepoteza w yake. Franklin alimpelekea mpango huo rafiki yake kijana, Polly Stevenson, naye akamjibu kwa alfabeti ile ile mpya, akimweleza taabu zake moja baada ya moja, kisha akamalizia kwa kusema kwamba jina lake atalitia kwa njia ya zamani. Hatujapata kusoma tathmini ya istilahi iliyo fupi na yenye adabu kuliko hiyo.

Noah Webster alikuwa na akili ya soko zaidi. Alitaka mengi, hata kuandika "tung" kwa ulimi na "wimmen" kwa wanawake. Lakini katika kamusi zake za 1806 na 1828 mambo madogo ndiyo yaliyopenya, kama vile kuondoa "u" katika "colour" na kugeuza miisho ya maneno machache. Nchi yake iliyapokea madogo na kuyatupa makubwa. Wengine hawakuwa na subira hiyo. Melvil Dewey, aliyebuni mfumo wa kupanga vitabu vya maktaba uliochapishwa mwaka 1876, alianza na jina lake mwenyewe: akakata herufi mbili za mwisho katika "Melville", na kwa muda akaandika ukoo wake "Dui". Twampa heshima yake, kwani ni warekebishaji wachache walioanza na miili yao.

Lakini kilele cha mambo ni mwaka 1906, na hapo tunaomba msomaji akae nasi kidogo.

Mwaka huo iliundwa Marekani bodi ya kurahisisha maendelezo, kwa fedha za tajiri Andrew Carnegie. Bodi ikatoa orodha ya maneno 300. Mwezi wa Agosti Rais Theodore Roosevelt akaiamuru ofisi ya mpiga chapa wa serikali iyatumie maendelezo hayo katika nyaraka za serikali kuu. Tumeichukua orodha hiyo kana kwamba imeletwa mezani petu ili itolewe maoni, na maoni yetu ni haya. Sehemu kubwa ya orodha haikuwa na jipya: "color", "honor" na "center" zilikuwa zimekwisha kubaliwa na Wamarekani wengi. Sehemu ya pili ilikuwa na busara ya wastani, nayo ni ile ya "catalog" na jamaa zake. Sehemu ya tatu ndiyo iliyoangusha nyumba: "thru", "tho", "thoro", "kist", "dropt". Waandaaji walichanganya katika kapu moja maneno yaliyokwisha zoeleka na maneno ambayo msomaji akiyaona hudhani mwandishi amelewa. Mwenye kazi kama yetu anajua kwamba orodha huhukumiwa kwa neno lake baya kuliko yote. Unaweza kupeleka kwa wadau istilahi 299 zisizo na dosari. Ile moja ndiyo itakayosimuliwa katika harusi.

Kosa la pili lilikuwa la utaratibu. Rais alitoa amri kabla ya kuwauliza watakaoitii. Mahakama Kuu ya nchi ikakataa kuandika hivyo, na magazeti yakajifurahisha kwa kuliandika jina la Rais kila lilivyowezekana, kwa s na kwa z. Hapo palikuwa na kejeli ya kweli, kwa kuwa jina "Roosevelt" lenyewe halitamkwi lilivyoandikwa: zile "oo" mbili ni o, si u. Mtu aliyebeba kosa la maendelezo katika ukoo wake alikuwa anaondoa makosa katika nyumba za jirani. Desemba mwaka huo huo bunge likaamua nyaraka zifuate maendelezo yaliyozoeleka, na Rais akaiondoa amri yake. Carnegie aliendelea kulipa kwa miaka kadhaa huku moyo ukimvunjika, kisha akaacha. Bodi ilikufa mwaka 1920.

Wakati huo huo, mwaka 1906, Newala ilikuwa inaandikwa. Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alikuwa amepita Masasi, akapanda uwanda wa juu, akakaa Newala akikusanya habari za Wamakonde, Wamakua na Wayao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908, na tafsiri yake ya Kiingereza, iliyofanywa na Alice Werner, mwaka 1909. Katika Kijerumani mji ule ni "Massassi", maana kwa Mjerumani s moja iliyobanwa kati ya irabu mbili hugeuka z, na asiyeweka s mbili atasoma "Mazazi". Ramani za wakati ule zimejaa adabu hiyo: Kilossa, Ssongea, Muansa, Daressalam kwa neno moja, na mlima ambao sisi tunautaja kwa j moja wao waliuandika "Kilimandscharo", yaani j yetu imegharimu herufi nne. Mwaka huo huo Wabenediktini wa Kijerumani walijenga misheni Ndanda, si mbali na Masasi ambako Waanglikana wa Kiingereza walikuwapo tangu mwaka 1876. Kwa hiyo wilaya moja ikapata shule mbili za maendelezo. Kwa upande mmoja j ilisomwa kama ya "Juma". Kwa upande wa pili, padri mgeni aliyeiona j katika jina la mtoto aliisoma y, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa kwao.

Na ukisimama Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla nje ya Newala na macho kushuka hadi bonde la Ruvuma, unaitazama Msumbiji, nchi yenye maendelezo ya tatu. Mto wenyewe kule ni Rovuma. Mmakonde ni "Maconde" katika vitabu vya Kireno, na Mmakua ni "Macua". Neno letu "mashamba" limeingia katika Kireno cha kule na kuandikwa "machamba", kwa sababu "ch" ya Kireno ni sh. Mwalimu wa Newala akilisoma kwa kanuni zetu atasema "machamba", na mwenzake wa ng'ambo atadhani Mtanzania ana kigugumizi. Lugha ya Wayao ambayo Masasi huandikwa "Chiyao" huanza kwa "Ci" katika othografia iliyopangwa Msumbiji miaka ya 1980. Kongo nako, urithi wa Wabelgiji umeacha "tsh" katika majina kama Tshombe na Tshopo. Sauti ni moja. Mwenye kuibadilisha nguo ni dola.

Turudi kwa Waingereza kwa muda mfupi, kwa sababu hawakukata tamaa. Mbunge Mont Follick alipeleka muswada wa kurekebisha maendelezo mwaka 1949, ukashindwa kwa kura 87 dhidi ya 84. Kura tatu tu! Aliurudisha kwa sura nyingine mwaka 1953, ukapita usomaji wa pili, kisha ukaondolewa kwa makubaliano kwamba utafanywa utafiti. Utafiti ulizaa alfabeti ya James Pitman ya kuanzishia watoto kusoma, iliyotumika katika shule kadhaa kuanzia mwaka 1961 ikiwa na herufi zaidi ya 40. Watoto walijifunza kuisoma bila shida kubwa. Shida ilikuja walipoambiwa kwamba sasa wajifunze kusoma. Shaw naye, aliyefariki mwaka 1950, aliacha katika wasia wake fedha za kutafuta alfabeti mpya kabisa. Ikapatikana kwa mashindano, na mwaka 1962 tamthilia yake moja ikachapwa kwa herufi hizo upande mmoja na zile za kawaida upande wa pili, ili msomaji asipotee. Gazeti la Chicago Tribune liling'ang'ania "thru" na "tho" tangu mwaka 1934, likachoka mwaka 1975. Tunawapita hawa kwa haraka kwa kuwa kosa lao ni lile lile, na msomaji amekwisha liona.

Linganisha na Masasi. Mkesha wa mwaka mpya wa 1971 Mwalimu Nyerere alizitaja wilaya sita zitakazotangulia kufuta ujinga wa kusoma na kuandika, na Masasi ilikuwa mojawapo. Watu wazima walikaa chini ya miembe na mikorosho, wakaanza na a, e, i, o, u, na aliyekwisha zifahamu silabi aliweza kusoma neno lolote aliloliona, hata asipolijua maana. Hakuna kijiji cha Uingereza ambako jambo hilo linawezekana. Irabu zetu zilipangwa kwa desturi ya Kitaliano na konsonanti kwa desturi ya Kiingereza, na mpango huo ulienezwa zaidi ya wote na Edward Steere, askofu yule yule aliyewaleta watumwa walioachwa huru hadi Masasi mwaka 1876, na aliyechapisha Unguja mwaka huo kijitabu cha kwanza cha maneno ya Kimakonde. Inatupendeza kwamba Mwingereza, aliyetoka katika lugha yenye "ough" nne, alipoandika lugha ya wengine aliandika kwa unyofu.

Hapa ndipo wengi wetu husimama na kupiga makofi. "Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa," tunasema, na tunawacheka akina Roosevelt. Sisi wenyewe tulisema hivyo siku ya kwanza ya semina. Siku ya pili tulifanya zoezi. Tuliwaomba walimu waandike maneno machache, si kama wayajuavyo vitabuni, bali kama wayasikiavyo kwa wazazi wao nyumbani. Kimakonde hakina r yake ya asili. Kimakua hakitofautishi b na p, wala d na t, kwa namna tunavyozitofautisha katika Kiswahili. Neno "risiti" lilirudi mezani likiwa "lisiti", "listi" na "resiti". "Barua" ilikuja "balua". Mwalimu mmoja aliandika "palua", akisema ndivyo babu yake asemavyo. Baiskeli ilikuja kwa sura nne. Chumba kizima kilicheka, nasi tukacheka, mpaka mwalimu aliyekaa nyuma akauliza swali ambalo hatujaacha kulifikiri: "Mtoto akiandika 'balua', amekosea kuandika au amekosea kuzaliwa Newala?"

Jibu la haki ni kwamba Kiswahili hakiandikwi kama kinavyotamkwa. Kinaandikwa kama kinavyotamkwa na Mwunguja, kwa sababu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikakitungia kanuni. Kwa mtoto wa Mji Mkongwe maendelezo ni kioo cha kinywa chake. Kwa mtoto wa Newala ni mapatano aliyoyakuta yamekwisha tiwa sahihi. Uchaguzi ule haukuwa mbaya. Lakini tukiuita "maumbile ya lugha" tunafanya kosa la warekebishaji wa Kiingereza, waliotaka kuandika "kama inavyotamkwa" bila kusema na nani. Mtu wa London, mtu wa Edinburgh na mtu wa Chicago hawalitamki neno moja sawasawa. Aliyeandika orodha ya 1906 angelazimika kuchagua kinywa kimoja na kuvifunga vingine. Maendelezo mabovu ya Kiingereza yana fadhila hii moja: yanamkosea kila mtu kwa usawa.

Ndiyo sababu tunasema kalamu nyekundu ya mwalimu iwe na kiasi. R na l zisahihishwe, maana mapatano ni mapatano na "kula" si "kura", lakini zisahihishwe kama mapatano, sio kama aibu.

Wala tusijidanganye kwamba hatuna wetu wa kuchekwa. Wapo kati yetu wanaotaka "kheri" irudishwe badala ya "heri", na "khabari" badala ya "habari", kwa hoja ya asili ya Kiarabu. Hao ni ndugu wa wale walioitia "b" katika deni la Kiingereza. Wapo waliotaka "ch" iandikwe "c" peke yake, kwa kuwa c haina kazi nyingine. Hoja yao ni nzuri karatasini, nasi hatuna la kuipinga ila kwamba kila kitabu kilichochapwa kingezeeka siku moja. Ajabu ni kwamba tumekwisha waitikia bila kujua: katika kifupisho "CCM" herufi c inasimama mahali pa ch, mara mbili, kisha tunavitamka vyote vitatu kwa majina ya herufi za Kiingereza. Na huko uwanda wa juu vyama vya msingi vya ushirika vimeandikwa "AMCOS" ukutani, c ikiwa peke yake, ikisomwa k. Mwanafunzi wa darasa la pili alituuliza herufi hiyo inaitwaje. Mwalimu wake alitutazama sisi.

Hata hivyo jambo lililotuhuzunisha halikuwa la vifupisho. Mkulima mmoja, mtu mzima wa makamo ya baba zetu, alikuja na bahasha yake baada ya kusikia kwamba wamekuja watu wa Kiswahili. Katika daftari la chama jina lake limeandikwa Hamisi. Katika kitambulisho ni Khamis. Katika karatasi ya akaunti, iliyojazwa na kijana wa mjini, ni Hamis bila i ya mwisho, kwa kuwa siku hizi irabu ya mwisho huonekana ya kishamba. Malipo yake ya korosho yalikuwa yamezuiwa katika taasisi moja ya fedha ambayo hatuitaji, kwa maelezo kwamba hao ni watu watatu. "Mimi ni mmoja," alisema, "na mikorosho ni ile ile." Hatukuwa na mamlaka ya kumsaidia ila kumwandikia barua ya kueleza kwamba majina hayo ni jina moja kwa maendelezo matatu, na tuliiandika, na tuliipiga mhuri wa semina ambao haukuwa na nguvu yoyote. Watumishi wa serikali wanaosoma makala haya wanaweza kufanya zaidi ya mhuri wetu. Utaratibu wa kiapo cha majina upo. Unachosha, unagharimu nauli ya kwenda wilayani, na haukumhusu mzee huyo kwa kosa lolote alilolifanya.

Baada ya hayo, "salfa" ya mwenye chaki imeonekana kwetu kwa sura nyingine. Katika kikao kimoja cha istilahi tulichokihudhuria wakati fulani, mjumbe mmoja alitetea "sulfuri" kwa hoja kwamba ipo karibu zaidi na Kilatini na na kemia ya kimataifa. Mwingine alikumbusha kwamba Kiswahili kilikuwa na "kiberiti" kwa maana hiyo hiyo, kutoka Kiarabu, kabla ya neno hilo kuhamia kwenye njiti na kisanduku chake. Hoja zote mbili ni za kweli. Lakini "salfa" haikupita kwa sababu imeandikwa vizuri. Ilipita kwa sababu maelfu ya watu wanaoinunua waliisikia, wakaipa irabu ya mwisho, wakaiandika wote kwa namna moja bila kuamriwa, na msimu ukaisha wakiwa wanaelewana. Ndivyo zilivyopita "baiskeli", "stesheni", "risiti" na "blanketi", na ndivyo Kijerumani kilivyotuachia "shule" na "hela". Warekebishaji wa Kiingereza walikuwa na matajiri, marais na wabunge, wakashindwa kuinyofoa "ugh" moja katika "through". Watu wa sokoni wameyaandika upya mamia ya maneno ya Kiingereza, wala hawajui kwamba walikuwa bodi.

Kazi ya ofisi kama yetu, kwa maoni yetu, huja baadaye: kulikuta neno, kulikagua, kulipeleka katika vitabu na juu ya mifuko, na kuwazuia wenye shauku wasilirudishe lilikotoka. Kazi hiyo si ya fahari kubwa, lakini siku ya tatu ilitutosha. Tuliifanya na walimu wale juu ya kikaratasi cha maelekezo ya kupulizia, kilichokuwa kimefasiriwa kwa haraka na mtu aliyeacha "sulphur dust" katikati ya sentensi ya Kiswahili kama jiwe ndani ya wali. Tuliandika "vumbi la salfa". Tuliandika kiasi cha kila mkorosho kwa tarakimu. Tulipofika kwenye ugonjwa wenyewe mjadala ulizuka: nusu ya walimu walitaka "ubwiri unga", maneno mawili, kama wanavyoona katika mabango, nusu walitaka "ubwiriunga". Sisi tulielekea upande wa neno moja. Mwalimu yule wa siku ya kwanza alisema hebu akamwulize mwenye chaki, akatoka. Alirudi na habari kwamba mwenye ghala huandika "ugonjwa", basi, na wateja wote humwelewa.

Suala hilo litaletwa katika kikao kijacho cha istilahi za kilimo. Wasomaji wenye maoni kuhusu nafasi kati ya "ubwiri" na "unga" wanaombwa kutuandikia.